Mama Kanda na Hotuba ya Mkurugenzi

Mama Kanda, kama wanavyomwita ofisini, haamini mashine ikisema kazi imekamilika. Kila asubuhi huingia chumba cha seva, chenye baridi ya kutia meno ganzi, akafunga sweta hadi shingoni, akaweka kiganja juu ya mashine ya kanda kama anayepima homa ya mtoto. Seva tatu za Linux, kompyuta zinazotunza kazi zote za ofisi, huimwagia mashine hiyo nakala za mafaili kupitia mtandao, nayo huzihifadhi kwenye kanda. Kila kanda huiandikia tarehe kwa kalamu ya wino mzito, kisha huupuliza wino ukauke.

Siku hiyo mkurugenzi mpya alisimama mlangoni na karatasi mkononi. "Mama, ripoti inasema kila kitu kimehifadhiwa. Haya majaribio yako ya kila wiki ya kurudisha mafaili kutoka kwenye kanda ni ya nini?"

Mama Kanda alimwomba ataje faili analolitegemea kuliko yote. Mkurugenzi akataja hotuba yake ya kesho, aliyoimaliza jana. Mama Kanda akaitafuta kwenye seva, akaifuta mbele ya macho yake, akachomeka kanda ya jana, akaanza kusafisha miwani. Mashine ikanguruma. Pamoja na baridi ile yote, shati lilimganda mkurugenzi mgongoni kwa jasho.

Baada ya dakika kumi na moja hotuba ilirudi, nukta kwa nukta.

"Na kama isingerudi?" mkurugenzi aliuliza.

Mama Kanda alikuwa akiandika tarehe. Akaupuliza wino kwanza.

"Ungeiandika upya leo, mwanangu, ukiwa bado unaikumbuka."