Ramani za Utani za Fundi Zamoyoni

Mtu aliyetaka picha yake iingizwe kwenye fremu pale Shinyanga, miaka ile, alikwenda Kambarage kwa Fundi Zamoyoni, na akienda alijua hatatoka upesi. Si kwamba fundi alikuwa mzembe. Mkono wake ulikuwa mwepesi na kioo alikikata kwa mkato mmoja. Shida ilikuwa ukutani. Ukuta wa nyuma wa kibanda chake ulijaa ramani, na mteja akithubutu kuzitupia jicho tu, kazi ililala, maana fundi aliweka nyundo chini na kuanza kumtembeza kwa wanyama.

Zilikuwa ramani za Ulaya, zilizochapwa zamani wakati wa vita vya wazungu. Nchi zake hazikuwa nchi. Upande wa mashariki alijilaza dubu mkubwa, kucha nje, mate yanamtoka. Katikati kulikuwa na tai aliyevaa kofia ya askari. Kisiwani alisimama mbwa mnene aliyenuna, na ng'ambo yake jogoo ametunisha kifua. Ramani nyingine ilikuwa na pweza aliyewatia mikono shingoni majirani zake wote. Maneno ya pembeni Zamoyoni hakuyajua kuyasoma wala hakujali, kwa vile picha zilimtosha.

Ya kwanza aliipata wakati mgodi wa Geita ulipofungwa, miaka michache baada ya uhuru. Wazungu walifunga virago, na vyombo vyao vikatapakaa mpaka Shinyanga. Yeye alichukua rundo la fremu kuukuu, akilini mwake ni mbao tu. Alipong'oa misumari nyuma ya picha moja ya farasi, kadibodi ikatoka na karatasi iliyokunjwa, na alipoikunjua akakutana na dubu. Fundi mwenzake wa huko Ulaya, miaka ile ya vita, alikuta kioo kinacheza ndani ya fremu, akashindilia karatasi yoyote iliyokuwa karibu. Zamoyoni naye hufanya hivyo hivyo, hushindilia magazeti. Kwa hiyo tangu siku ile alijua pa kutafuta. Kila fremu ya zamani iliyoletwa alifungua mgongo wake kwanza, na wenye fremu aliwabembeleza wamwachie kilichomo, naye awawekee kadibodi mpya. Mfanyabiashara mmoja wa Buseresere alimletea ramani iliyoliwa na mchwa pembeni, na Zamoyoni aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhiwa mtoto mchanga.

Sasa sikilizeni kosa lake, maana alikuwa nalo, na alilipenda sana.

Baba yake Zamoyoni alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, aliyeletwa Shinyanga na kazi ya reli. Na Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za misafara. Jirani yake, Makoye, mchuuzi wa ng'ombe, ndiye aliyekuwa mtani wake wa chanda na pete. Kila asubuhi Makoye alisimama mlangoni na kupaza salamu ya Kisukuma.

"Mwangaluka, kima wa pwani! Umeamka, au bado unaota nazi?"

"Nimeamka, nyumbu wee! Ng'ombe wako wamekuelekeza njia leo, au wamekupoteza tena?"

Mgeni angedhani watatoana meno. Lakini mke wa Zamoyoni alipofariki, na jeneza liko tayari kutoka, Makoye alijitupa kifudifudi kizingitini akagoma kuondoka. Alipiga kelele kwamba kima amekula nazi zote na mama wa watu haruhusiwi kwenda na njaa, waliokuwa wanalia wakacheka, wakamtupia jogoo ili aachie njia. Kisha huyo huyo Makoye akawahi makaburini, akashuka shimoni na jembe, na kila aliyetaka kumpokea alimfukuza. Mtani ndiyo kazi yake. Anakutukana ukiwa hai, na ukifa anakuzika.

Basi Zamoyoni alipoona mataifa ya wazungu yanaitana dubu na mbwa na pweza, hakuwa na shaka hata kidogo. Hawa ni watani. Makoye alikubaliana naye kabisa. Walikaa kibandani wakibishana nani kati ya wanyama wale alipaswa kumzika nani, na Makoye akasema mbwa lazima alimzika jogoo, maana wanatazamana tu ng'ambo ya maji.

Padri Kalisti wa misheni, aliyesoma ng'ambo, alikuja kuchukua fremu ya msalaba, akazisoma zile ramani, akatikisa kichwa. "Fundi, hizi si za utani. Zilichorwa ili watu wasione haya kuuana. Ukishamwita jirani dubu, kumpiga risasi kunakuwa rahisi."

"Padri," Zamoyoni alimjibu kwa upole, "wewe umesoma, lakini mtani huna. Hujui utamu wake."

Padri alicheka, akachukua msalaba wake akaenda zake.

Aliyemtia fundi mashaka kidogo ni binti yake wa pekee, Mwahija. Alikulia chini ya ramani zile, yeye na Selestine, mtoto wa Makoye, wakiitana kima na nyumbu kama baba zao. Siku moja, angali mdogo, Mwahija alimtazama dubu kwa muda mrefu akauliza, "Baba, humu watu wanakaa wapi?"

"Tumboni," alisema Zamoyoni, akacheka. Mtoto hakucheka. Alimwangalia yule dubu tena, akaenda kucheza.

Mwahija akakua, akaposwa na kijana Mganda, Mwislamu wa Masaka, aliyekuwa akija Shinyanga kununua ngozi. Zamoyoni alitoa idhini kwa shingo upande, maana Masaka ni mbali, lakini kijana alikuwa mpole na binti alishamkubali. Harusi ilifana. Selestine alisimama katikati ya watu akatangaza kwamba Waganda wameuziwa kima kwa bei ya mtu, na hata bwana harusi alipotafsiriwa alicheka hadi akashika ubavu.

Mwaka wa sabini na nane, mvua za vuli zinaanza, redio ikatangaza vita. Uganda imevuka mpaka huko Kagera. Barua za Mwahija zikakatika. Selestine, aliyekuwa mgambo, akapanda gari la jeshi pamoja na vijana wengine, mama yake, Mbuke, akikimbia nyuma ya gari mpaka vumbi likamzuia.

Ndipo Stanslaus, mwenyekiti wa tawi la chama, alipofika kibandani akiongozana na Makoye. Wananchi walikuwa wanachangia ng'ombe kwa ajili ya jeshi, na tawi lilitaka kitu kikubwa cha kubandika ukutani, cha kuwapandisha watu mori.

"Wewe ndiye mtaalamu wa mambo haya," Stanslaus alisema, akionyesha ukuta kwa fimbo. "Tuchoree moja yetu. Sisi twiga. Wao fisi."

"Fisi mwenye mkuki tumboni," Makoye aliongeza. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Mchore vizuri, kima. Mwanangu yuko huko."

Zamoyoni alikubali. Angekataaje? Mji mzima ulijua binti yake yuko upande wa pili, na siku zile mtu kama huyo alichunga ulimi. Alitandaza turubai, akapiga mistari ya mipaka kwa kufuata ramani ya shule. Twiga alimchora kwa mapenzi, shingo imepita juu ya ziwa, madoa yote yapo. Kisha akahamia kaskazini. Alianza na mkia wa fisi, akapandisha mgongo uliobinuka, akachora masikio. Kazi ilikuwa inakwenda. Ila tumbo la fisi, hapo mkuki ulipotakiwa uingie, liliangukia magharibi ya ziwa, na magharibi ya ziwa ndiyo Masaka.

Brashi ikasimama. Aligeuka kuutazama ukuta wake, akawaona dubu na pweza na mbwa kana kwamba ndiyo kwanza wanaletwa. Alitafuta nyumba hata moja ndani yao. Hakuna. Hakuna mlango, hakuna kamba ya nguo, hakuna mtu anayechota maji. Alitafuta jembe la mazishi, na hilo nalo halikuwapo. Padri alisema kweli. Hawa hawakuwa watani, na aliyekuwa akicheka nao miaka yote hii ni yeye peke yake. Zamoyoni aliona aibu, na chini ya aibu aliona hofu, kwani mikono yake mwenyewe ilikuwa imeshika brashi ya kumtia mwanawe tumboni mwa fisi.

Alimfuta fisi kwa kitambaa na mafuta ya taa. Mahali pake alichora nyumba moja ndogo ya bati, mlango uko wazi nusu, mgomba ubavuni. Akaipeleka tawini ikiwa hivyo.

Stanslaus aliitazama, akamtazama yeye. "Fisi yuko wapi?"

"Nimeshindwa, mwenyekiti."

"Umeshindwa, au hutaki?"

Zamoyoni alianza kulikunja turubai. Watu waliokuwapo walinong'ona maneno ambayo siyaandiki. Mchoraji wa vibao vya maduka akaitwa, akachora fisi mzuri tu, mwenye mkuki, na Zamoyoni akarudi nyumbani na turubai lake kwapani. Makoye alikuwa amesimama penye mlango wa tawi. Hakutukana.

Asubuhi iliyofuata alipita kibandani kama kawaida, akavua kofia.

"Shikamoo, Mzee Zamoyoni."

Walikuwa rika moja, wale. Zamoyoni alihisi kama amemwagiwa maji ya baridi. Afadhali angepigwa kofi, maana mtani akikupa heshima amekutoa nyumbani mwake. Aliitikia marahaba kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake, na Makoye akaenda zake. Ikawa hivyo kila siku, shikamoo na marahaba, mvua zikaisha, mwaka ukageuka.

Mwezi wa pili redio ikasema Masaka imetekwa. Kambarage ililipuka kwa vigelegele na ngoma. Zamoyoni alifunga kibanda, akakaa ndani na turubai lake mapajani, akiangalia ile nyumba ya bati. Aliomba Mungu kwa kila dua aliyoijua, na alipomaliza alianza upya.

Vigelegele vilikuwa havijapoa vizuri taarifa ilipofika kwa Makoye. Selestine ameuawa. Wamemzika huko huko, kando ya barabara ya kwenda Masaka. Hapakuwa na maiti wa kuletwa wala shimo la kuchimba.

Hapo Zamoyoni aliingia katika mtihani. Mtani ana namna yake ya kufika msibani, na asiye mtani ana ya kwake. Akienda akakaa kimya jamvini kama majirani wengine, atakuwa ameridhia ile shikamoo, na utani umekwisha. Akienda kama mtani, akamtukana mtu aliyefiwa na mwanawe vitani, naye ndiye aliyekataa kuchora fisi, wangeweza kumvunja mbavu. Alivaa kanzu yake, akaivua, akaigeuza ndani nje, akaivaa tena. Akafunga njuga ya ng'ombe shingoni. Kisha akatoka.

Uwanja wa Makoye ulikuwa umejaa. Njuga iliposikika watu waligeuka. Zamoyoni alitembea katikati yao, akafika kizingitini akajitupa kifudifudi.

"Simpishi mtu hapa!" alipiga kelele. "Nyumbu hawa hawana adabu! Wamekufa bila kuniaga, wamezikwa bila mimi! Nani kawaruhusu? Jembe langu nilipeleke wapi?"

Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja wa chama alisogea amwinue kwa nguvu, Makoye akamzuia kwa mkono. Kisha akamwinamia Zamoyoni.

"Mwahija yuko wapi?" aliuliza.

"Sijui, Makoye. Wallahi sijui."

Makoye alishusha pumzi. Akaketi pale pale kizingitini, karibu na kichwa cha mtani wake. "Basi lala hapo hapo, kima wewe," alisema. "Kima mjinga." Ndipo machozi, yaliyokuwa yamemkataa tangu taarifa ije, yakamtoka. Mbuke alileta jogoo.

Matanga yalipokwisha, Makoye alikuja kibandani. "Lile turubai lako bado lipo? Kule tawini nimekwenda kutafuta alipolala mwanangu. Nimekuta tumbo la fisi."

Zamoyoni alilitandika mezani. Makoye aliweka kidole kando ya nyumba ya bati, karibu na mgomba, na Zamoyoni akachora pale kaburi.

"Umelichora dogo."

"Mahali penyewe padogo, nyumbu. Unataka nimzike ziwani?"

Makoye alitaka kucheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Ramani za Ulaya zilishushwa siku ileile, na Zamoyoni akawa anazikata na kuzishindilia nyuma ya picha za watu, moja baada ya moja, mpaka zikaisha. Ukutani likatundikwa turubai tu. Mwaka ulipokaribia kwisha, basi la kutoka Mwanza likamshusha Mwahija, amekonda, mtoto mgongoni. Nyumba yake ilikuwa imeanguka, mumewe alikuwa anajenga nyingine. Alikaa muda mrefu mbele ya turubai, baba yake akamsimulia yote.

Hakukaa sana, akarudi kwa mumewe. Alipokuja tena, mvua nyingine zimepita, hakwenda kwa baba yake kwanza. Alikwenda kwa Makoye, akapiga magoti kumwamkia, akasema amelipata kaburi. Lilikuwa limeota majani mpaka magotini.

"Ukafanya nini?" aliuliza Makoye.

"Nilimtukana kwanza, Baba Selestine. Nikamwambia, nyumbu mvivu wewe, umetoka Shinyanga kote huko kuja kulala tu? Kisha nikafagia."