Chardonnay kwenye Kikombe cha Chai

Watu wa mvinyo hunikera. Ukiwasikiliza, huwezi kunywa bila glasi ya mguu mrefu na samaki wa limau. Sisi huku Kiwanjani hatukuwa na hivyo vyote siku niliyomletea mama Chardonnay, mvinyo mweupe, ile ya bei nafuu ambayo hukaa kidogo tu kwenye pipa la mti wa mwaloni.

Friji hatuna. Niliifunga chupa kwa gunia lililolowa maji, nikaitundika kivulini ipigwe na upepo. Kufikia jioni ilikuwa imepoa vizuri, haijawa baridi mno ikapoteza ladha. Tukachoma kuku, nikammiminia mama kwenye kikombe cha chai.

Mama alikulia kwenye mifugo. Mpaka leo, kabla ya kutia maziwa kwenye kibuyu, husugua ndani kwa kijinga cha moto ili maziwa yanukie moshi na yakae bila kuharibika. Alionja mvinyo, akaonja tena.

“Aliyetengeneza hii anajua kazi,” akasema. “Ametia mti, lakini hakuzidisha. Mti ukizidi, hata maziwa huyasikii tena.”

Chupa ilipoisha nikainuka niitupe. Akaninyang’anya, akaisuuza, akainusa.

“Mjomba wako amepiga simu. Mvua imenyesha kule Leparua anakotuchungia, na mbuzi wetu wana mimba. Wakizaa nitakujazia chupa hii maziwa ya kibuyu. Uwapelekee hao watu wako wa mvinyo, nao waonje mti wetu.”