Chai Niliyoipima Siyo Waliyouziwa

Admin, naomba ufiche jina langu na la ukoo wangu. Nina miaka themanini na mbili, naishi Makindye, moyo wangu umechoka na daktari ameacha kunificha. Nilikuwa mwalimu wa upishi na lishe katika shule ya wasichana hapa Kampala. Kiswahili nimekua nacho, maana baba alikuwa polisi, na kambini ndiyo lugha tuliyosema. Naandika kidogo kidogo huku nikipumzika, mnivumilie.

Haya yalitokea miaka ya sabini, wakati wa serikali ya wanajeshi. Mume wangu alikuwa sajini. Mwenye duka kubwa moja la Kabalagala alipofukuzwa nchini pamoja na Wahindi wengine, mume wangu na wenzake wawili wakapewa duka hilo. Lilikuwa duka la mtu kujichukulia vitu kwenye rafu, ila rafu zenyewe zilikuwa tupu. Chai ya kopo kutoka nje ilipatikana kwa nadra na bei yake iliumiza. Basi wakaanza kufunga bidhaa zao wenyewe katika mifuko ya kaki yenye jina la duka: chai, chumvi, sabuni ya mche. Bei ilikuwa nusu, na kwa sababu hiyo watu wakaogopa. Kitu rahisi hivyo, nani anajua kuna nini ndani?

Mume wangu akaniambia, "Mwalimu, wewe umesoma. Vipime, uwaambie kina mama ukweli." Nilifurahi kuaminiwa. Kila Jumamosi, kwenye baraza ya kanisa letu Kisugu, nilipima mbele ya watu. Chumvi niliikoroga kwenye maji nikangoja mchanga utuame. Sabuni niliianika juani wiki nzima nione imesinyaa kiasi gani. Chai niliimwaga kidogo kwenye glasi ya maji baridi, kwa sababu majani safi hutoa rangi polepole, na yaliyotiwa rangi huitoa papo hapo. Sikumpendelea mtu. Nilisema wazi kwamba sabuni yao ina maji mengi, afadhali ununue ya ghali itakayodumu. Chumvi haina neno. Chai ina vumbi zaidi kuliko ile ya kopo na harufu yake ni nyepesi, lakini ni chai kweli, na kwa bei ile mama mwenye watoto saba hatajuta. Wakaanza kuiita chai ya Mwalimu.

Sasa sikilizeni kosa langu. Wake wa wanajeshi hatukupanga foleni. Vitu tuliletewa nyumbani, na kusimama juani na wengine tuliona ni kujishusha. Kwa miezi yote ile sikuwahi kuchukua mfuko rafuni kwa mkono wangu mwenyewe. Nilipima kile alichoniletea mume wangu.

Aliyefunga mifuko na kuuza alikuwa Mama Furaha, Mkongomani kutoka Bukavu, rafiki yangu. Alifanya kazi na mtoto mgongoni.

Jumamosi moja jirani yangu akaja barazani na mfuko wake. "Nyabo Mwalimu, chai yako imewatapisha wanangu! Tena tazama ulimi wangu, kama nimelamba wino!" Watu wakacheka. Nikaimwaga chai yake kwenye glasi. Maji yakawa mekundu kabla sijaondoa mkono. Kicheko kikaisha.

Nilijua pale pale. Nyuma ya jiko letu kulikuwa na mabati yaliyoanikwa makapi ya chai iliyokwisha kunywewa, kutoka kantini ya kambi. Mume wangu aliniambia ni mbolea ya migomba. Tulikuwa na migomba mitano tu.

Kina mama wakaenda dukani kwa hasira, nami nikawafuata.

"Wewe mama wa Kongo, unatulisha nini?"

"Mimi nafunga tu! Magunia naletewa!" Mama Furaha akanigeukia. "Mwalimu, dada yangu, sema wewe. Wewe watakusikia. Mimi siko mwizi."

Nikasema, "Mimi napima tu. Sijui kinachofungwa huku ndani."

Niliogopa, ni kweli. Kumtaja mwanajeshi siku zile kulikuwa kujitafutia kifo. Lakini ningeweza kusema "huyu hana kosa" bila kumtaja mtu, na hata hilo sikulisema. Niliona aibu kuonekana mjinga. Wakampiga makofi, wakamchania kitenge. Wiki ile ile akarudi Kongo.

Nilipomuuliza mume wangu, alicheka. "Nilijua wewe huwezi kwenda kupanga foleni. Nakujua, mke wangu." Kisha akaomba aletewe chakula. Niliishi naye miaka thelathini zaidi, nikamzika, na watoto wangu wanamsifu kama mfanyabiashara mwaminifu.

Mwezi uliopita mwanamke mtu mzima akabisha hodi. Ni Furaha, yule mtoto wa mgongoni. Anauza vitenge Kabalagala. Akapiga magoti kunisalimu.

"Bibi, mama yuko hai, yuko Bukavu. Anasema wewe ulidanganywa kama yeye, hukujua kitu. Anaomba tu usife ukiamini kwamba yeye ndiye aliyeichafua ile chai."

Nikajibu, "Mwambie namwamini." Nikaishia hapo. Akalia, akanishukuru.

Tangu hapo huja kila Jumapili, ananisuka nywele na kunimenyea mapapai. Jumapili hii atampigia mama yake simu tusalimiane. Nilimweleza mwanangu mkubwa, naye akasema, "Mama, baba amelala, unamfukua wa nini? Na huyo bibi ana amani yake, mwachie." Pengine yuko sahihi. Mama Furaha ameishi miaka yote akiamini kwamba Kampala kuna mtu mmoja aliyeonewa pamoja naye. Nikisema kwamba siku ile nilijua, nampokonya hata huyo. Nikinyamaza, nitakufa nikiwa nimeombwa nimwamini mtu niliyepaswa kumwangukia miguuni.

Ninyi mnaosoma, hasa mliowahi kusingiziwa, mngetaka kujua? Simu italia baada ya misa. Nikishaitikia salamu yake, nimwambie nini?