Alama Saba Chini ya Injini

Simu kutoka Iringa ilifika ofisini Jumatatu asubuhi, ikikwaruza kama kawaida yake, na sauti ya upande wa pili ikasema maneno manne tu: "Fundi wako amefariki, njoo." Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba huwa sitaji majina, na leo sitaivunja desturi hiyo, ingawa huyu angestahili jina lake liandikwe kwa herufi kubwa. Alizaliwa Kihesa, Iringa, na huko ndiko tulikomzika Jumatano, lakini maisha yake ya kazi aliyamalizia Mwanjelwa, Mbeya, katika kiwanja kilichozungushiwa mabati yenye kutu nyuma ya maduka. Alimsalimu kila mtu kwa "kamwene" ya kwao, na majirani zake Wanyakyusa walimjibu "ndaga" huku wakicheka. Mimi nilimfahamu kwa sababu ya kosa langu mwenyewe, na ni haki nilieleze.

Mwanzoni mwa miaka hii ya sabini niliandika habari fupi kwamba lori la kijiji kimoja karibu na Rujewa limekufa. Sikuwa nimeliona. Nilikuwa nimesoma ripoti ya mhandisi wa karakana moja mjini, iliyosema kwamba injini imeharibika sehemu ya chini, haifai kutengenezwa, na kwamba lori likatwe, spea zake zigawiwe magari mengine. Kijiji hakikuwa na lori jingine. Mpunga ulikuwa umevunwa, umefungwa kwenye magunia, na kila mtu wa Usangu anajua barabara za uwandani zinavyogeuka tope mvua zikianza. Bila lori lile, jasho la msimu mzima lingeozea palepale lilipomwagika. Mimi niliandika mistari sita, nikaenda kunywa chai. Siku mbili baadaye mtu mfupi mwenye ovaroli iliyokakamaa kwa oili aliingia ofisini akiwa na gazeti mkononi.

"Ndugu mwandishi, hili lori umeliona?"

"Nimeona ripoti."

"Sikukuuliza ripoti. Nimekuuliza lori."

Niliinuka, nikamfuata. Tulikwenda moja kwa moja kwa mhandisi, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na magari mengi mabovu na vyuma vichache. Alimsikiliza fundi, akatabasamu, akasema, "Nakupa wiki tatu. Likipandisha kilima cha Ipogolo likiwa na mzigo kamili, ripoti hii nitaichana kwa mkono wangu. Likishindwa, linakatwa." Fundi akauliza, "Kwa mkono upi, mkuu? Nisije nikakodolea macho mkono usiohusika siku hiyo." Mhandisi alicheka. Hivyo ndivyo lori lilivyopata wiki tatu za kuishi, nami nikapata sababu ya kukaa juu ya debe katika kiwanja cha Mwanjelwa nikitazama.

Mafundi wengi niliowahi kuwaona huishughulikia injini kwa juu, mahali panapofikika na panapoonekana. Huyu aliifungua kwa chini. Alishusha sampu, ile karai inayobeba oili, akatoa kranki, kile chuma kizito kilichopindapinda ambacho pistoni zote hukizungusha. Lilikuwa na mikwaruzo. Alilifunga kwenye blanketi, akalisafirisha kwa basi hadi karakana ya shamba moja la chai Mufindi, likachongwa na kusawazishwa, kisha akatafuta beringi nene kidogo zinazolingana na wembamba wake mpya. Hadi hapo, alisema, injini ingerudi kuwa kama zamani. "Lakini zamani yenyewe haikuwa nzuri," akaongeza. "Hata lilipokuwa jipya, Ipogolo lilipanda kwa gia ya kwanza, utingo anatembea kando na gogo la kuzuia gurudumu." Basi akaleta mizani ndogo ya shaba iliyokuwa ya mchimbaji mmoja wa dhahabu wa Chunya, akaanza kupima konrodi, ile mikono sita inayounganisha pistoni na kranki. Hazikulingana. Aliichagua nyepesi kuliko zote, akazipiga tupa nyingine tano, akipima na kupiga tena, mpaka mizani ikatulia sawa kwa zote sita. Nilimwuliza kwa nini anahangaika na uzito ambao mkono wangu hauwezi hata kuuhisi. Akaniambia, "Mkono wako hauhisi. Kranki linahisi, kila linapozunguka."

Wenye lori nao walikuwa wamefika: mama mmoja aliyekuwa katibu wa kamati ya kijiji, na mzee mfugaji aliyehamia Usangu na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Walikuja kulisubiri lori lao kama watu wanavyosubiri mgonjwa. Asubuhi moja fundi alikwenda kuchukua gasketi, akaacha vile vifuniko saba vya chuma vinavyolibana kranki kwa chini vimepangwa mezani, kila kimoja kimeandikwa namba yake kwa chaki. Sasa, mgeni wa kwetu hakai bure nyumbani kwa mtu akiangalia vyombo vichafu. Mama alichota maji, akachukua majivu, akavisugua vyote saba mpaka vikang'aa, akavianika juani kwenye mkeka kuanzia kinachong'aa zaidi. Fundi aliporudi alisimama mlangoni.

"Tumekuoshea vyombo, fundi," mama akasema kwa furaha.

"Asante, mama. Na namba?"

"Namba zipi? Ile chaki? Chaki yote imetoka, usiwe na wasiwasi."

Alipoelezwa, aliketi chini. Kila kifuniko kilikuwa kimetobolewa kiwandani pamoja na mahali pake penyewe kwenye bloku, yaani mwili wa injini. Kukiweka mahali pa mwenzake ni kulikwamisha kranki, au kuliua tena ndani ya siku chache. Zilibaki siku tano. Mama alifunga kanga yake vizuri, akasema heri arudi Rujewa, kwa kuwa lori la watu ameliua yeye. Mzee mfugaji akadakia. "Lakini na wewe fundi! Mali ya watu unaiandika kwa chaki? Sisi ng'ombe tunamkata sikio. Anyeshewe, aogeshwe, aibwe, sikio linasema." Fundi alicheka mpaka akajifuta machozi. "Mzee, kosa ni langu. Mama, huendi popote. Njoo ushike hapa."

Alimweka mama kwenye mwisho wa kranki. Yeye mwenyewe alifumba macho, akapitisha ncha ya kidole pale kifuniko kinapokutana na bloku, akitafuta mahali ambapo mistari ya mashine inaendelea bila kukatika. Alipodhani amepata, alikaza boliti na kusema, "Zungusha." Mama alizungusha kwa mikono iliyozoea jiwe la kusagia. "Limekataa," alisema. Fundi alibadilisha. "Limekataa. Hapa kama kuna mchanga." Walifanya hivyo siku mbili, bila hasira, bila haraka. Kila kifuniko kilipopata mahali pake, fundi alichukua nyundo na chuma chenye ncha, akakigonga nukta, na bloku nayo akaigonga nukta zilezile: moja kwa cha kwanza, mbili kwa cha pili. Kifuniko cha saba kilipokazwa, mama alizungusha kwa mkono mmoja, kisha kwa vidole viwili. "Limekubali!" alipiga vigelegele, na nusu ya Mwanjelwa ikaja kuchungulia juu ya mabati nani ameolewa.

Lori lilipakia magunia yake Rujewa, likashika njia ya Iringa. Mhandisi alikuwa mbele katika gari lake dogo, na nyuma yetu, kwa tahadhari, aliweka lori la karakana yake likiwa na mnyororo wa kutuvuta. Chini ya Ipogolo fundi aliingiza gia ya tatu. Nilisubiri injini iombe ya pili, nikasubiri tena. Haikuomba. Ilivuta kwa sauti nzito, tulivu, bila mtikisiko, na gogo la utingo likabaki limelala miguuni petu kama abiria. Tulipofika juu tuliegesha, tukalisubiri lile lori la mnyororo. Lilipotokea likitoa moshi, mama alisimama juu ya magunia akapaza sauti: "Vipi huko? Tuwarushie mnyororo wenu tuwavute?" Mhandisi alishuka, akatoa ripoti mfukoni, akaichana vipande vinne mbele ya watu. Kisha akampa fundi mkono, akasema, "Ni huu, wa kulia." Nchi yetu ina wakubwa wengi, wanaoweza kufanya hivyo hadharani si wengi, nami nampa heshima yake.

Nimeyafikiria sana mambo hayo tangu Jumatatu. Tunapenda vitu vinavyoonekana: rangi mpya, honi, hotuba ya ufunguzi. Kazi ya fundi huyu ilifunikwa na sampu siku ileile alipoimaliza, na nukta zake hadi leo zinaoga oili gizani. Hakuzigonga ili asifiwe. Alizigonga kwa ajili ya fundi mwingine atakayefungua injini ile baada yake, mtu asiyemjua, ili asihangaike siku mbili.

Jumatano lori lile lilikuja Kihesa limejaa waombolezaji kutoka Usangu. Lilikuwa limepanda Ipogolo, na sikuhitaji kuuliza kwa gia gani. Lori nililolizika mimi gazetini ndilo lililowaleta watu wa kumzika fundi. Tangu mwaka ule nina sheria moja katika kazi hii: siandiki kwamba kitu kimekufa kabla sijakwenda kukitazama, hadi kwa chini. Tulipokwisha kuweka udongo, yule mama wa kamati alinisogelea.

"Sasa ndugu mwandishi, utaandika nini?"

"Nitaandika kwamba fundi amefariki, mama."

"Umeona mwenyewe?"

"Nimeona mwenyewe."

Alilitazama kaburi, kisha lori, kisha akanitazama mimi. "Basi andika."