Siku Niliyozima Injini Mteremko wa Goba

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo mguu wangu wa kulia unakaza wenyewe, utadhani unatafuta breki. Nitakusimulia, kwa sababu juzi ulipotoka kwenu ukaja kunionyesha hiyo pikapu uliyoinunua mkononi mwa mtu, hukuniuliza habari ya tairi wala ya oili. Uliniuliza kama nakifahamu kile kidude kinachofungwa kwenye mpira wa mafuta ili gari lisile sana. Nikacheka, ukadhani nakucheka wewe. La, nilikuwa najicheka mie.

Wakati huo nywele zangu zilikuwa bado nyeusi, na kukaa kitako sikukujua. Nilikuwa nasambaza chakula cha kuku. Nilikipakia kwenye kinu kimoja Temeke, nikawapelekea wafugaji wa Chamazi, tulikokuwa tunaishi, na wengine Goba, ng'ambo kabisa ya jiji. Pikapu yangu ilikuwa ya dizeli, kuukuu, na ilikunywa mafuta kama ng'ombe aliyevuka nyika. Kila mshale wa mafuta ulipoteremka, na moyo wangu uliteremka nao. Watani wetu husema sie Wapare tunabana hata pumzi. Basi mie nilibana mafuta hadi nikakosa usingizi.

Nikaanza kuhangaika na mafundi. Wa kwanza alinifungia sumaku kwenye mpira wa mafuta, akaapa kwamba inayapanga mafuta yaungue vizuri. Haikupanga kitu. Mwingine akaniuzia dawa ya kumimina kwenye tangi, ikatoa harufu ya rangi ya kucha, basi. Wa tatu akaniambia chujio la hewa linaikaba injini, nikalitoa nikalitupa. Injini ikawa inavuta vumbi la Chamazi bila kizuizi, na moshi mweusi ukanifuata barabara nzima kama deni. Sikukoma. Nikachomelewa bati juu ya kichwa cha gari, eti lipasue upepo. Lilikuwa zito kama mlango wa ghala. Na huku nyuma, chini ya magunia, nilikuwa nabeba mnyororo, betri mbili zilizokufa na vyuma ambavyo sikuvitumia tangu ninunue gari. Hivyo sikuviona. Mtu anayetafuta muujiza haoni kilicho miguuni pake.

Ndipo nikaenda kwa Mzee Rajabali. Huyu alikuwa mzee wa Kihindi, Shia, mwenye duka la vipuri. Alizaliwa hapa hapa mjini, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Gari lake mwenyewe lilikuwa kuukuu kuliko langu, na ajabu yake, halikuonekana mara kwa mara kituo cha mafuta.

"Shikamoo mzee. Nataka kifaa cha kupunguza ulaji wa mafuta."

"Marahaba, Mama Upendo. Hicho sina." Akanitazama juu ya miwani. "Gari lako haliumwi. Nimekuona unavyoendesha. Anayeumwa ni dereva."

Mwanangu, niliondoka bila kuaga. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mie sikuvunjika guu. Nilimvunja mwenzangu mkono.

Ilikuwa hivi. Pale kinuni mtu mmoja alinipa siri yake: ukifika mteremkoni, toa gia, zima injini, acha gari lishuke lenyewe, maana mteremko ni bure. Nikaona nimepata. Na Goba, unavyoijua, ni kupanda na kushuka tu. Nikaanza kuzima kila kilima, huku najisifu kwamba kila mita niliyoshuka kimya ni tone nililoliiba.

Jumamosi hiyo nilikwenda na mume wangu, Baba Upendo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole wa maneno machache, na siku ambazo hakuwa na vipindi alinisaidia kushusha magunia. Alikaa pembeni yangu na daftari za wanafunzi mapajani, anasahihisha. Tulipofika kileleni, nikatoa gia, nikazima. Kimya kikaingia ndani ya gari. Akainua kichwa.

"Mama Upendo, umezima?"

"Tunaokoa mafuta, baba."

"Na kule chini?"

"Kule chini tutawasha."

Akarudi kwenye daftari zake. Aliniamini, mwanangu. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Tulikuwa na mzigo, na gari lenye mzigo mteremkoni halina adabu. Likashika kasi. Nikakanyaga breki kidogo, ikashika. Nikakanyaga tena, ikashika kidogo tu. Kule chini nikamwona mwanamume anavuka na guta lililojaa madumu ya maji, anasukuma ameinamisha kichwa, hasikii kitu, kwa kuwa gari langu halikuwa na sauti. Nikakanyaga mara ya tatu. Breki ilikuwa ngumu kama jiwe. Sikujua, wala yule wa kinuni hakunieleza, kwamba injini ndiyo inayousaidia mguu kuzikaza breki. Ukiizima, msaada huo unabaki wa kukanyaga mara chache, kisha unabaki wewe na chuma. Usukani nao ukawa mzito. Nikashika ufunguo niwashe, vidole vikateleza.

"Honi!" Baba Upendo akapiga kelele. "Piga honi!"

Nikapiga. Mwenye guta akainua macho, akasimama pale pale katikati kwa woga. Nikavuta usukani kwa mikono miwili hadi bega likalia, nikampita karibu kiasi cha kuliona jasho lake, nikaingia kwenye rundo la mchanga wa mtu aliyekuwa anajenga. Mume wangu alikuwa ametanguliza mkono wa kulia kujikinga. Nilisikia ulivyokatika. Sitakueleza mlio wake.

Magunia yalipasuka, pumba zikatufunika. Wa kwanza kufika mlangoni alikuwa yule mwenye guta, ambaye dakika moja nyuma nusura nimuue. Alikuwa anasema, "Pole mama, pole sana mama." Yeye ndiye aliyetusimamishia gari la kutupeleka Mwananyamala. Pale hospitali nilishindwa kukaa kwenye benchi. Nilitembea kutoka ukuta hadi ukuta, kila mlango ukifunguka nageuka, hadi muuguzi akaniomba nitulie maana nawatia wagonjwa wengine kizunguzungu.

Baba Upendo alikaa na plasta ngumu wiki nyingi. Darasani alisimama kando, wanafunzi wakamwandikia ubaoni. Nyumbani alijifunza kusahihisha kwa mkono wa kushoto, na alama zake za vema zikawa zinaangalia upande usio wao. Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu, ningepata pa kujitetea.

Aliyenilaumu ni Mzee Rajabali. Alikuja Chamazi kumjulia hali, kachukua tende na maziwa, akakaa naye, wakaongea habari za shule. Alipotoka nje ndipo akanigeukia.

"Ulitaka kuokoa nini, Mama Upendo?"

"Mafuta, mzee."

"Mafuta gani? Ukishuka ukiwa kwenye gia, ukaondoa mguu kwenye mafuta, injini yako inakata mafuta yenyewe. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ulikuwa unaiba kitu ambacho ulikuwa umepewa bure!"

Nikalia pale pale, mbele ya majirani. Yeye hakunibembeleza. Aliniacha nikalia nikamaliza, kisha akasema, "Gari likitengenezwa, niite. Nitakaa nawe."

Na kweli, lilipotoka gereji alikuja. Kwanza alinishushisha vyuma, mnyororo na betri. Bati la juu likakatwa, sumaku ikatupwa, chujio jipya likarudishwa mahali pake. Tairi akazijaza upepo wa kutosha, maana nilikuwa naziacha laini nikidhani gari litabembea vizuri; magurudumu ya mbele yalikuwa yamepinda, nikayapeleka kunyooshwa. Halafu akapanda, akafunga mkanda, akaniambia niendeshe kama kawaida yangu.

Nikaondoka kwa kishindo, mbele nikakuta foleni, nikafunga breki.

"Hapo umemwaga mafuta," akasema.

Nikaondoka tena kwa kishindo.

"Utamwaga tena pale mbele. Unaliona lile lori linasimama? Sasa unakimbilia nini?"

Njia nzima alinisema hivyo, mpaka nikatamani kumshusha. Lakini tulipokaribia Temeke nilishaanza kutazama mbali, naondoa mguu mapema, naliacha gari lipungue mwendo lenyewe. Mwenda pole hajikwai, na akijikwaa haanguki. Miezi haikupita mingi, safari ya Goba niliyozoea kujaza mafuta njiani ikawa ya kwenda na kurudi bila kusimama kituoni. Tena nilifika saa ile ile, mwanangu. Haraka yangu yote haikuwa imenipatia hata dakika.

Sikudanganyi kwamba nimetulia. Hata sasa kiti hakinikai. Mkono wa Baba Upendo haukunyooka sawasawa, na kila anapokinga kikombe cha chai nauona ule mkunjo, nainuka natafuta kazi ya kufanya. Kuhangaika ni tabia yangu. Ila nimejifunza kutoiweka kwenye usukani.

Basi shika haya. Kabla hujaongeza kitu kwenye gari lako, punguza kwanza. Toa mzigo usio na kazi, jaza tairi upepo, safisha chujio, badili oili kwa wakati wake. Panga safari zako zishikane, usiende Goba mara mbili kwa vitu vya mara moja. Kanyaga mafuta taratibu, tazama mbali, na mteremkoni usitoe gia wala usizime injini, hata akuambie nani. Mafuta yakiisha hununuliwa. Mtu anayekaa pembeni yako, aliyekuamini akaendelea na shughuli zake, huyo hauzwi kituo chochote.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mguu mwepesi na macho ya kuona mbali. Akuepushe na njia za mkato zinazokwenda kwa ukimya. Na kila unayempakia, akushukie mlangoni kwake mzima, viungo vyake vyote vimenyooka.