Siku Tuliyosimama mu Mutumbwi

Gari zinazotoka ku ziwa zikifika hapa Kashebere na magunia ya sambaza, samaki badogo ba kukausha, harufu yake inanifikia mbele ya gari yenyewe. Ni harufu ya jua, ya chumvi kidogo, ya maji yaliyolala. Wenzangu wa soko wanafunga pua. Miye navuta hewa mpaka wananicheka, na siwaambii sababu. Naandika hapa mu kaye, hii daftari yangu, na ninyi mutakaosoma mutanivumilia, maana nilisoma mpaka mwaka wa sita tu, na hata ule wa sita sikuumaliza vizuri.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, ao kumi na mbili, mama hakuandika. Tulikaa ku kilima, ndani ya Masisi, mahali maharagi yanapandwa mpaka ku mulango wa nyumba. Rafiki yangu alikuwa Esperansi, jirani wa upande wa juu. Kwao waliongea luga ingine, kwetu ingine. Sisi wawili tuliongea Kiswahili na tukaazimana nguo.

Likizo moja, mama yake mudogo aliyeolewa Bweremana, Mama Furaha, alituma neno kama Esperansi ashuke akaone ziwa. Esperansi akasema haendi bila miye. Alilia siku mbili, ya tatu wakubwa wakachoka. Mama yangu akanifungia maharagi mu kikwembe ili nisifike mikono mitupu, akanipaka mafuta mpaka nikang'aa, akanipa mafundisho yote ya njiani: usiombe chakula, usikatae chakula, na mukubwa hasalimiwi na matako chini. Ukimuona mukubwa, simama. Hilo la mwisho alilirudia mara nyingi, na miye nilikuwa mutoto wa kushika.

Mama Furaha alinipokea. Lazima niseme haki: sahani yangu ilijaa kama ya wengine. Lakini mangaribi ya kwanza nilimusikia nyuma ya jikoni akimuambia jirani wake, kwa sauti ya chini, "Uyu ni mutoto wa bantu, si wetu. Kitu ikipata wetu pale eko naye, kule ku kilima batasema nini?" Nilielewa kama hanipendi. Tangu pale nilitembea mu ile nyumba kama kuku ya mugeni, nikifagia hata mahali palipofagiwa.

Kisha Mama Furaha akapanga tupelekwe ku kisiwa, kutembea tu, kuona. Tulikuwa watatu: Esperansi, miye, na Bahati, binti wa Mama Furaha, aliyetuzidi mwaka mumoja na akajua kila kitu. Wa kutupeleka alikuwa Papa Deo, muvuvi wa jirani, ambaye muchana alivusha watu na mutumbwi wake. Alikuwa muntu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa ya kuchekelea. Sisi wawili alituita "bantu ba milima".

Mama Furaha akamuambia pale ku maji, "Papa Deo, nakupatia batatu, unirudishie batatu."

"Nitakurudishia batatu na mananasi," akajibu.

Ile maji! Nilidhani ziwa ni mutope mukubwa, kama kidimbwi chetu cha ng'ombe. Kumbe unaona mawe kule chini. Bahati akatuambia kule kunalala nyoka mwenye ukubwa wa kanisa. Nikarudisha mukono wangu ndani ya mutumbwi na sikuutoa tena.

Ku kisiwa tulikuta njia nyekundu, kahawa iliyoiva, mananasi yaliyopangwa musitari kama wanafunzi. Mama mumoja tusiyemujua alitukatia moja, akatuangalia tukila mpaka maji ikatelemuka ku viwiko. Ulimi uliniwaka siku nzima na sikujuta. Kisha tukapanda mpaka juu ya kisiwa, na ukungu ukafunguka, na Bahati akanyoosha kidole, akasema, "Kwenu njo kule."

Tukaona milima ya Masisi. Sikuwahi kuiona. Nilikuwa nimekaa ndani yake tu. Ilikuwa ya buluu, moja nyuma ya ingine, midogo, hata ungeifunika na kiganja. Esperansi akaonyesha kilima chetu. Miye nikaonyesha kingine. Tukabishana sana, na kwa kuwa tulikaa kilima kimoja, mumoja wetu alikosea. Leo nafikiri tulikosea wote wawili. Lakini pale njo nilijua kwetu ni pazuri.

Tulirudi saa upepo unapoanza, mutumbwi umejaa mananasi. Katikati ya ziwa tukapishana na mutumbwi mwingine. Ndani yake koko mumoja, muzee wa kichwa cheupe kabisa, amekaa ju ya mikeka. Akatupungia mukono, akasema, "Jambo, batoto."

Na sisi, batoto wa milima, tuliolelewa vizuri, tukasimama tumusalimu.

Hapa nataka kuwa na haki. Kwa miaka nilisema tulisimama pamoja. Sijui. Bahati hakusimama, yeye alizoea maji. Ninachojua ni kama nilitia mukono ku bega ya Esperansi ili niinuke, na nikalemea. Mutumbwi ukalala upande, na Esperansi akaingia mu maji bila kupiga kelele. Kanzu yake ya manjano ikafunguka ju ya maji kama ua la boga, halafu ikajifunga, na pakabaki mananasi yakielea.

Papa Deo hakuruka. Alijilaza kifua chini, akasukuma kasia mu maji mpaka bega yake ikapotea, akangoja. Sijui alingoja ginsi gani. Kisha kasia ikashikwa kule chini, akavuta, akamukamata Esperansi ku shingo ya kanzu, akamurudisha ndani akitapika maji na nanasi.

"Kaeni chini, bajinga benye heshima," yule koko akatuambia, naye machozi yakimutoka.

Papa Deo akapumua kwanza. "Mu mutumbwi, mukubwa ni maji," akasema. "Na yeye anaheshimiwa kwa kukaa."

Njia yote nilikaa nimeukalia ule mukono. Nilikuwa mutoto wa bantu, na mukono ulikuwa wangu.

Kando ya maji, ku soko, wamama walikuwa wanangoja sambaza. Mumoja, ambaye jina lake sitaandika, akaona kanzu iliyolowa, akaniangalia. "Ni uyu mwengine, sivyo? Uyu wa kwa bale ba luga ingine." Wote wakageuza kichwa. Mama Furaha akafika mbio, na pale nilijua nitarudishwa kesho, na kule juu kwa Esperansi watafunga mulango mbele yangu.

"Hapana," Papa Deo akasema. "Ni miye. Niligeuza mutumbwi vibaya, upepo ikanishinda."

Bahati akafungua kinywa. Papa Deo akamuangalia, naye Bahati akakifunga.

Mama Furaha alimugombeza mbele ya soko nzima: muntu muzima, miaka yote ku maji, anashindwa batoto batatu? Na yeye akainamisha kichwa kama mwanafunzi. Miye nikaanza kushusha mananasi.

Siku zilizobakia, watu wa kuvuka walipita mutumbwi wake, wakaingia mu ya wengine. Asubui nilimuona amekaa pekee yake, anashona wavu. Akiniona, aliniita, "Muntu ya milima, ungali unasimama?" Akacheka. Nikaanza kuamini labda kweli aligeuza vibaya. Mutoto hafikiri kama mukubwa anaweza kujisingizia mabaya.

Nilielewa nyuma sana, wakati milima yenyewe ilivurugika na vita na tukakimbilia huku. Niliona namna neno "wa kwa bale", linalosemwa ku kisima asubui, linafika ku nyumba ya muntu mbele ya jua kuzama. Niliona pia hapa soko namna jina zuri linavyojengwa kwa miaka. Papa Deo aliweka lake kati yangu na lile neno. Na Mama Furaha, siku ile ya jikoni, hakunichukia. Aliogopa kitu kile kile. Hata yule mama wa sambaza simuhukumu, sijui naye aliona nini. Pengine nazidisha, pengine Papa Deo alitaka tu kwenda kula. Lakini sikumurudilia kumuambia asante, na sasa hayupo.

Mwaka uliopita Esperansi alinitembelea. Nikamutilia chai, nikajikaza, nikamuambia kitu sikuwahi kumuambia: siku ile, ni mukono wangu.

"Najua," akasema. "Bega ilikuwa yangu."

Nikabaki na birika mu mukono. Miaka ile yote, kwao, mezani, ku kanisa, hata wakati watu wa kwao na wa kwetu hawakusalimiana, alikuwa na neno hilo na hakulitoa.

Akasogeza kikombe nimuongezee.