Nywele Zinazopiga Magoti

Kinyozi mmoja mzee wa Soweto, Mbeya, hakati nywele kabla hajauvuta msokoto mmoja wa nywele za mteja kwa vidole vyake vyenye harufu ya spiriti, akauachia, akaguna. Juzi binti mmoja, Tumpe, alimwonyesha kwenye simu picha ya msichana wa nywele za singa, zimekatwa zikaangukia jicho moja. Jumamosi angekwenda kwa wakwe, akataka zake za kipilipili ziwe hivyohivyo.

"Nisalimie kwanza," alisema kinyozi.

"Mambo, mzee?"

"Wakwe nao utawaambia mambo? Nyie wa siku hizi magoti mmeyaacha wapi?"

Tumpe akapiga magoti. "Shikamoo, baba."

Mzee akaulowanisha msokoto wa mbele, akauvuta mpaka puani. Tumpe akatabasamu. Ulipoachiwa, uliruka kama panzi, ukasimama juu ya paji.

"Ukiinama na kishungi hicho cha kuku, watakutupia mahindi!"

Tumpe akaangua kicheko. "Basi niziache zilivyo, baba?"

Kinyozi aliuweka mkasi chini. Hakukumbuka lini binti alimpigia magoti mara ya mwisho.

"Hebu rudia kusalimia, mwanangu. Mara ya kwanza sikuziona vizuri nywele zako zikipiga magoti."